Kemuma, Mpima Mvua wa Lambwe

Kengele ya pili ya shule ilipolia, Kemuma alikuwa ameshapiga goti. Hakuwa akisali, sala aliimaliza alfajiri. Mbele yake palikuwa na mtungi wa shaba uliozikwa ardhini hadi nusu, nyasi za pembeni amezifyeka mwenyewe kwa panga. Aliinua faneli iliyofunika mtungi, akapitisha unyoya wa jogoo kwenye shingo ya faneli kutoa vumbi na wadudu, akatoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji yake kwenye bilauri nyembamba yenye mistari. Bilauri aliishika usawa wa jicho. Alisoma mara mbili, akamwaga maji, akarudisha kila kitu mahali pake, akaingia ndani kuandika.

Kazi yote haikuzidi dakika sita. Alikuwa ameianza Januari mwaka 1961, na hadi mwaka 1966 ulipoingia hapakuwa na mtu katika bonde la Lambwe aliyeweza kueleza ilimfaa nini.

Kipima mvua kile hakikuletwa kwa ajili yake. Bwana Shamba wa wakati huo alitafuta ua usio na miti karibu na shule, akauona wa Ongeri, mume wa Kemuma, fundi seremala. Ongeri alijua kusoma na kuandika, akakabidhiwa mtungi, bilauri na bunda la karatasi. Malipo hayakuwapo; waliosoma vipima mvua walijitolea. Ongeri alisoma miezi mitatu. Kisha akapata kazi ya kuezeka maduka Migori, akafunga virago, na mlangoni akamwambia mkewe kwamba akipata nafasi achungulie mtungi. Kemuma alikuwa amefika darasa la nne katika shule ya misheni huko kwao Kisii. Alichungulia kesho yake saa tatu asubuhi, kama karatasi ilivyoagiza, na hakuacha tena.

Siku za likizo ya shule, kengele ilipokuwa kimya, alitumia kivuli cha nguzo ya ua. Aliweka jiwe pale kivuli kilipofika saa tatu. Baada ya wiki chache aligundua kwamba kivuli kinahama kadiri miezi inavyosonga, basi shule ilipokuwa wazi aliongeza jiwe kila Jumatatu kwa kufuata kengele, na likizo ilipokuja aliendeleza mstari wa mawe kwa hatua ileile. Hakuna aliyemfundisha. Ongeri aliporudi kutoka Migori akakuta ua una mawe yaliyopangwa kama makaburi ya sungura, alicheka hadi akakaa chini.

Lambwe wakati huo lilikuwa bonde la watu waliokuja na panga. Vichaka vilikuwa vikifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, wale inzi wakubwa waletao malale, na kila kichaka kilipoanguka, familia moja iliteremka kutoka milima ya Kisii, au nyingine ikapanda kutoka ufukweni, ikalima palipobaki peupe. Benta alikuwa miongoni mwa waliopanda. Alikuwa Mjaluo wa Sindo, Mkatoliki, muuza samaki wakavu, na mdomo wake haukuwa na mlango. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziwa lilianza kuvimba, na mwaka 1963 likaingia chumbani kwake. Alifika Lambwe na mlango wa nyumba kichwani. Alisema ndicho kitu pekee ambacho hakuwa tayari kuwaachia viboko. Akajenga jirani na Kemuma, akautia ule mlango, na tangu siku hiyo hakuna usomaji wa saa tatu uliopita bila neno kutoka ng'ambo ya ua.

"Nyar Kisii," yaani binti wa Kisii, "wewe unamwaga mvua yetu kila asubuhi, halafu tunashangaa mahindi yamekauka."

"Leo sijamwaga. Leo hakuna kitu."

"Basi angalia usije ukamwaga hata hiyo hakuna kitu."

Utani wa Benta ulikuwa utani, ila mwaka 1965 mvua zilipochelewa, wengine walilisema jambo hilo bila kucheka. Huko kwao, kwa Wakisii na kwa Wajaluo, kila mtu alijua kwamba mvua inaweza kufungwa chunguni na mtu mwenye ujuzi, na hapa palikuwa na mwanamke mwenye chungu cha shaba anachokipigia magoti. Mzee Kerosi, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule, alikuja na fimbo yake kumwomba kwa adabu aifungulie. Kemuma hakubishana. Alimwomba aje saa tatu, siku saba mfululizo, aone kwa macho. Mzee alikuja siku tatu, akaona chupa tupu mara tatu. Ya nne alituma ujumbe kwamba ana ng'ombe wa kuchunga, na Jumatano sokoni akatangaza kwamba chungu cha mama Nyarangi, kama walivyomwita Kemuma kwa jina la bintiye, hakifungi mvua. Kwanza hakina hata kifuniko.

Jambo ambalo halikuisha kwa mzaha lilikuwa Jumamosi.

Kemuma alikuwa Msabato. Tangu jua la Ijumaa linapozama hadi la Jumamosi linapozama hakushika jembe, hakuenda mtoni, hakuuza wala kununua. Sasa, kuinua chupa na kuandika namba, ni kazi au si kazi? Mwezi wa kwanza alimwuliza Cephas, mzee wa kanisa. Cephas alimjibu kwa Maandiko, kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato ni halali kumtoa. Kemuma alilitafakari jibu hilo wiki nzima akaona halimfai. Mvua haikuwa imetumbukia shimoni. Mvua ilikuwa imeanguka mahali hasa ilipotakiwa ianguke.

Basi kisanduku cha Jumamosi alikiacha kitupu. Jumapili saa tatu alipima maji ya siku mbili, akaandika jumla yake, akachora mstari wa kuunganisha visanduku viwili, na pembeni akaandika: siku mbili. Karatasi ilikwenda Homa Bay kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi ilirudi barua fupi yenye kuuliza kuhusu Jumamosi. Kila mara alijibu kwa maneno yaleyale. Baada ya mwaka wa pili barua zilikoma; zilibaki duara za kalamu nyekundu tu kwenye nakala alizorudishiwa, nne kwa mwezi, na miezi mingine tano.

Mtu aliyemwonea huruma alikuwa Onsongo. Huyu alikuwa mwalimu aliyestaafu huko Kisegi, Mkisii mwenzake na Msabato mwenzake, naye alikuwa na kipima mvua nyuma ya nyumba yake. Walikutana mara moja kwa mwaka, kwenye makambi ya kanisa. Mwandiko wa Onsongo ulikuwa wa kutundikwa ukutani. Saba zake zilisimama wima kama askari, na karatasi zake hazikuwa na kisanduku kimoja kitupu tangu ya kwanza. Kemuma alizitazama kwa kijicho kidogo ambacho alikiungama baadaye.

"Dada Kemuma," Onsongo alimwambia mwaka mmoja, "Jumapili ukikuta pointi arobaini, andika ishirini Jumamosi na ishirini Jumapili. Nani ataumia?" Inchi moja ya mvua ilikuwa na pointi mia, na watu hao wawili walikuwa peke yao kambini wenye kujua hivyo.

"Mwalimu, hizo ishirini mbili nitakuwa nimeziona wapi?"

Onsongo alicheka, akasema ni hasara kwamba hakusomea sheria.

Isidhaniwe kwamba karatasi za Kemuma zilikuwa safi. Zilikuwa na doa moja ambalo lilikuwa likijulikana na yeye peke yake. Mei 1963 binti yake Nyarangi aliwaka homa, na Jumanne tarehe kumi na nne Kemuma alimfunga mgongoni kabla ya mapambazuko, akamkimbiza zahanati, akalala huko. Alirudi kesho yake kabla ya kengele ya pili, mtoto akiwa amepoa. Alikaa mezani akiwa na usingizi mzito, akaona kisanduku cha Jumanne ki tupu. Huko alikokuwa kulikuwa kukavu. Akaandika sifuri kwa wino, akatoka kusoma ya Jumatano, akakuta pointi sitini na moja. Benta ndiye aliyemwambia kwamba mvua ile ilinyesha Jumanne kabla ya kengele ya pili, yeye akiwa ameshafika zahanati. Sifuri ile ilikuwa uongo. Angeweza kuikata kwa mstari na kueleza. Aliona haya, karatasi ikaenda. Tangu siku hiyo hakuandika kitu alichokidhani.

Na zile karatasi zilianza kumlipa kwa njia yao. Mwaka wa nne alitandika Aprili nne sakafuni akaona kitu ambacho jicho la siku moja halikioni: kwamba mvua za mwanzo Lambwe ni mvua za kudanganya, zinaloweka udongo wa juu kisha zinakata wiki mbili, na aliyepanda kwa furaha anapanda mara ya pili. Yeye alingoja hadi jumla ya siku kumi ifike inchi mbili, ndipo akapanda. Mwaka huo na uliofuata hakurudia shamba. Benta aliacha kumtania juu ya jambo hilo moja, akawa anapanda siku anayomwona Kemuma ametoka na mbegu.

Februari 1966 Bwana Shamba mpya aliitisha baraza. Jina lake lilikuwa Nicodemus Wangwe, Mkuria kutoka ng'ambo ya Migori karibu na mpaka, kijana mrefu asiyepoteza maneno. Alisema kwamba kando ya shule ya Lambwe litafunguliwa shamba la majaribio ya pamba. Litaajiri mpimaji mmoja wa kudumu, wa mvua na joto na jua, mwenye mshahara na nyumba ya mabati. Vipima mvua vya watu wa kujitolea, cha Kisegi na cha Lambwe, vitaondolewa. Kimoja kitakwenda shambani na kingine ghalani Homa Bay. Atawatembelea wasomaji wote wawili katikati ya Machi, aone karatasi zao, achague.

Kemuma alirudi nyumbani moja kwa moja. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza kama anataka kitu. Hiki alikitaka. Alikitaka hivi kwamba usiku huo hakuweza kula. Aliitwa mke wa fundi, aliitwa mama Nyarangi, na majina yote mawili aliyapenda. Lakini alitaka mahali fulani, kwenye karatasi yenye muhuri, pawe pameandikwa kazi aliyokuwa akiifanya. Na kama Onsongo angechaguliwa, asubuhi moja wangekuja watu na jembe, wang'oe ule mtungi uani, na saa tatu ingepita kama saa nyingine yoyote.

Ongeri alikuja kutoka Migori kwa ajili ya siku hiyo. Aliomba aone karatasi, akazipekua nakala moja moja kwa vidole vyake vya gundi, na kila alipogeuza alizidi kununa. Alisema zinafanana na kinywa cha mtu aliyeng'oka meno. Wino ni uleule, nakala ziko hapa, mwandiko ni wake mwenyewe, ajaze. Kemuma alisema za Homa Bay zina matundu yaleyale. Ongeri akasema atamwambia Bwana Shamba zile zilikuwa rasimu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemwona mkewe akitoka kwenye mvua ya mawe, ana mimba ya miezi minane, kwenda kupiga goti, na aliona aibu kwamba kitu kilichoanza kama kazi yake kingempotea mwenzake kwa ajili ya visanduku.

Jumatatu mchana, Ongeri akiwa amekwenda kutengeneza dari ya kanisa, Kemuma alikaa mezani na kalamu. Jumamosi tupu zilikuwa mia mbili na sabini na moja, alizihesabu. Alianza na ya kwanza, tarehe saba Januari 1961. Jumapili yake ilikuwa na pointi thelathini. Alijaribu kuikumbuka ile Jumamosi, kama mvua ilinyesha kabla ya ibada au baada yake. Alikumbuka wimbo waliouimba, na kwamba Cephas alihubiri juu ya Nehemia. Mvua hakuikumbuka hata tone. Akafunga kalamu, akaenda kupalilia viazi.

Landrova ilifika Jumanne, saa tatu kasoro robo. Wangwe alisalimia, akasema asishughulikiwe, akasimama pembeni. Benta naye alikuwa na kazi ya ghafla ya kuanika samaki kwenye ua, upande ambao haukuwa na jua. Kengele ililia. Kemuma alipiga goti, akainua faneli, akapitisha unyoya.

"Huo unyoya wa nini?" Wangwe aliuliza.

Kemuma alieleza kwamba nyigu wa udongo wanapenda ile shingo. Wanajenga ndani yake, hasa mvua zinapokaribia, na wakiachwa siku mbili tatu wanaiziba kabisa. Bwana Shamba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa swali la mahali pengine.

Ndani alisoma karatasi muda mrefu. Aliuliza kuhusu Jumamosi, Kemuma akaeleza kwa maneno yaleyale ya barua. Aliuliza kuhusu mawe ya uani, akaelezwa. Ongeri alisimama mlangoni na kofia mkononi. Hatimaye Wangwe alipanga karatasi kingo kwa kingo na kuweka kiganja juu yake.

"Mama Nyarangi, katika karatasi zote hizi, kuna namba yoyote ambayo hukuiona kwa macho yako?"

Ongeri alikohoa. Kemuma alikisikia kikohozi hicho na kuielewa maana yake. Aliiona nyumba ya mabati, akauona mtungi uking'olewa.

"Ipo moja."

Aliivuta karatasi ya Mei 1963, akaweka kidole kwenye sifuri ya Jumanne, akaeleza tangu homa ya mtoto hadi pointi sitini na moja.

"Na umekaa nayo miaka mitatu?" Wangwe aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

Bwana Shamba alitoa kalamu yake ya risasi, akaandika kitu kidogo kando ya ile sifuri. Kisha akawaeleza alikotoka. Jana yake alikuwa Kisegi. Mwalimu Onsongo alimpokea kwa chai, akamtandazia karatasi nzuri ambazo hajapata kuona mfano wake. Alipomwuliza swali lilelile, alijibu kwamba namba ya namna hiyo haipo. Akamwuliza Jumamosi saa tatu huwa wapi. Onsongo, bila kufikiri, akasema kanisani, anafundisha shule ya Sabato. Ndipo Wangwe akaomba waende nyuma ya nyumba. Faneli ilikuwa imejaa maji ya usiku hadi ukingoni, kama karai. Shingo yake ilikuwa imezibwa na nyigu, udongo mgumu kama wa chungu kilichochomwa, na mashimo ya makinda yaliyokwisha kuruka. Chupa ya ndani ilikuwa kavu, ina utando wa buibui. Na karatasi ya Februari ilikuwa na siku kumi na moja za mvua.

Mwalimu alicheka kwanza, Wangwe alisema. Kisha akakaa chini kwenye nyasi. Alikiri kwamba alisoma vizuri miaka miwili, halafu goti likaanza kumwuma, akaona hata akiwa kitandani anaisikia mvua kwenye bati na anaweza kukisia. Alikisia kwa uangalifu sana. Hakuwahi kukosa siku.

"Yako moja ni mbaya, na sasa najua ilipo," Wangwe alisema. "Zake, sijui nzuri ni ipi."

Ongeri alivaa kofia, akaivua tena. Lakini Bwana Shamba hakuwa amemaliza. Shamba la majaribio linahitaji namba siku saba, bila mstari wa kuunganisha. Pamba haina Sabato. Kemuma alisema anaelewa, na kwamba Jumamosi hatasoma. Alilisema kwa unyonge, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Wangwe alisema nafasi ni ya mtu mmoja, kibarua wa Jumamosi wanaweza kumpata, ila lazima awe mtu ambaye mpimaji mwenyewe atamdhamini, kila namba. Alimpa hadi mwisho wa mwezi. Hapo kupitia dirishani ikaja sauti.

"Mimi Jumamosi nipo. Padri wangu ananitaka Jumapili."

"Unajua kusoma?" Wangwe aliuliza bila kugeuka.

"Kusoma sijui, Bwana Shamba. Lakini kuhesabu samaki, mlete atakayenizidi hapa Lambwe."

Wangwe, aliyekuwa amekaa uso mkavu tangu asubuhi, alicheka. Alisema kwao husemwa Mkuria na Mkisii ni watoto wa nyumba moja, lakini hakuambiwa kwamba Mjaluo ndiye anayeshika ufunguo.

Kumfundisha Benta hakukuwa mchezo. Mistari ya bilauri aliishika kwa siku moja. Namba za kuandika zilichukua wiki tatu, kwa msaada wa kadi aliyoileta Onsongo mwenyewe, siku aliyokuja kumpongeza Kemuma: sifuri hadi tisa kwa ule mwandiko wake, zimesimama kama askari. Aliikabidhi, akasema hicho ndicho alichokuwa nacho cha kweli, na Kemuma alimpikia chai akamsindikiza hadi njiani. Shida ilikuwa nyingine. Maji yaliposimama kwenye thelathini na nane, Benta alisema arobaini. Yalipokuwa kumi na tisa, alisema ishirini.

"Ni kumi na tisa, Benta."

"Najua. Nimekuongezea."

Kwa muuza samaki wa Sindo, kumpa mtu kumi na tisa kamili ni kumtukana. Mnunuzi mwema huongezewa mmoja wa juu, na mchoyo ndiye anayehesabu bila nyongeza. Benta alikuwa ameifanya hivyo maisha yake yote, naye hakuona kwa nini aionee mvua uchoyo. Kemuma alirudia asubuhi ishirini kwamba mvua haina nyongeza. Ya ishirini na moja alibadili njia. Alimpeleka ndani, akamwonyesha sifuri ya Mei 1963 na alama ya kalamu ya risasi kando yake, akamweleza alivyokaa nayo. Benta aliweka kidole juu ya sifuri. Kisha akasema, bila mzaha, kwamba kumbe kumwongezea mtu ni sawa na kumpunguzia.

Mkataba ulikuja Aprili, wenye muhuri. Ongeri aliusoma kwa sauti mara mbili, akatengeneza fremu ya mvule, akautundika juu ya meza. Mtungi ulihamishwa hatua mia tatu hadi ndani ya uzio wa shamba jipya. Kemuma aliubeba yeye, hakukubali uwekwe kwenye toroli.

Jumamosi tarehe saba Mei, ya kwanza ya Benta kusoma peke yake, Kemuma alikuwa kanisani. Mvua ilianza kama saa mbili, ikapiga bati hata Cephas akalazimika kungoja. Kemuma alitambua kwa kumalizika kwa shule ya Sabato kwamba saa tatu inakaribia. Magoti yakamtaka ainuke. Aliweka Biblia juu yake, akayakandamiza, na wimbo ulipoanza akaimba. Jua lilipozama jioni ile Sabato ilikuwa imekwisha, na angeweza kwenda kuangalia. Ofisi ilikuwa karibu na taa ilikuwa na mafuta. Hakwenda. Alikaa jikoni na Nyarangi wakachambua maharagwe ya kesho.

Jumapili, kabla ya saa tatu, alifungua daftari la shamba. Kisanduku cha Jumamosi kilikuwa na tatu iliyolala ubavu na saba yenye mgongo kama wa ndoana, na kando yake B ndogo, sahihi waliyokubaliana. Thelathini na saba. Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha mwagwa. Hapakuwa na njia duniani ya kuyapima upya. Kemuma aliitazama namba hiyo ambayo hakuiona kwa macho yake, na ambayo aliidhamini.

Benta alipita nje akielekea misa, kitambaa cheupe kichwani.

"Ilikuwa karibu sana na arobaini," alisema akiwa njiani.

"Na uliandika?"

"Niliyoiona. Mkono uliniwasha hadi jioni."

Akaenda zake. Saa ya ukutani ilifika tatu. Kemuma alitoka, akapiga goti, akapitisha unyoya, akamimina, akainua bilauri usawa wa jicho na kusoma mara mbili. Zilikuwa pointi tano. Kwa mara ya kwanza katika Jumapili zake zote, maji yaliyokuwa ndani ya bilauri yalikuwa ya siku moja tu.